Hataza Hulinda Maandishi, Si Mashine: Safari Yangu na Chafkata Hapa Nakuru

Mtu akisikia una cheti cha ubunifu, swali la kwanza ni, "Kwa hivyo umeomoka?" La pili huwa ni serikali imekupa ngapi. Serikali haikupi kitu, wewe ndiye unayeilipa, na cheti chenyewe hakijawahi kuuza mashine hata moja. Naandika haya kwa mafundi wenzangu wa jua kali, hasa sisi tulio mbali na Nairobi, kwa sababu karibu kila fundi ninayeongea naye kuhusu hataza (patent, haki ya kuwazuia wengine kutumia ubunifu wako) ana picha kichwani ambayo haifanani na sheria ilivyo. Mimi pia sikuzaliwa nikijua.

Mimi ni mchomeleaji, Shabab, Nakuru. Mageti na madirisha ndiyo ugali wa kila siku, lakini miaka mingi nimekuwa nikitengeneza chafkata, mashine za kukatia majani ya mifugo, za wafugaji wa Bahati, Njoro na Subukia. Chafkata yenye rola inajilisha yenyewe: unaweka napia, yale majani marefu ya ng'ombe, mdomoni, rola mbili zinaivuta ndani, na visu vilivyofungwa kwenye gurudumu vinaikata. Rola hazibagui napia na kiganja. Ukishashikwa, umebaki na mkono mmoja, swichi iko upande ule wa mota, na hata ukiifikia, lile gurudumu zito halisimami papo hapo. Linaendelea kuzunguka na rola zinaendelea kuvuta. Nimewahi kuletewa mashine ya kunoa visu ikiwa na damu iliyokaukia kwenye rola ya juu. Aliyeileta alikuwa baba wa kijana mwenyewe, na hakusema mengi.

Nilichobuni ni kitu kidogo. Mbele ya mdomo kuna chuma kilicholala usawa wa mapaja. Mtu akivutwa, mwili wake unakisukuma chuma hicho, apende asipende. Kikisukumwa kidogo tu, mambo mawili yanatokea kwa mpigo mmoja: ndoano inaachia na rola ya juu inanyanyuliwa na spring, na meno yanayopeleka mzunguko kwenye rola yanaachana. Gurudumu litaendelea kuzunguka, lakini hakuna kinachokuvuta kulifuata. Spring za kwanza nilitoa kwenye shoku za bodaboda zilizochoka. Zilikuwa laini mno, rola ilinyanyuka hata kwa shina nene la mahindi, na mama mmoja wa Kabatini aliyekuwa akinijaribia akaniambia, "Fundi, hii mashine yako ni mwoga kuliko mimi." Ilibidi nitafute spring ngumu zaidi na kubadilisha pembe ya ndoano. Kazi hiyo peke yake ilikula chuma na muda kuliko makaratasi yote yaliyofuata, na huwa nasikitika nikiona mtu anakimbilia hataza ya kitu ambacho hakijakata napia hata gunia moja.

Kabla ya kulipa mtu yeyote shilingi, tafuta yaliyotangulia, yaani hataza za wengine zinazofanana na kitu chako. Kuna Espacenet ya ofisi ya hataza ya Ulaya, Patentscope ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la mali bunifu, na Google Patents, zote bure, unahitaji bando na uvumilivu tu. Usitafute kwa jina unaloita kitu chako. Tafuta kwa kazi kinayofanya. Binti yangu, aliyekuwa nyumbani akisubiri kujiunga na chuo, ndiye aliyenisaidia kwa sababu Kiingereza cha nyaraka hizo ni kigumu kama mfupa. Jioni moja akaniita: "Baba, njoo uone hii."

Alikuwa amekuta kwamba Uingereza walitunga sheria ya ajali za mashine za kukata majani mwaka 1897. Sheria nzima, ya chafkata tu! Ilidai kwamba mashine inayoendeshwa kwa nguvu isiyo ya mkono iwe na kitu cha kuzuia mkono wa anayeilisha usivutwe na rola hadi kwenye visu, pale inapowezekana kufanya hivyo, na magurudumu na visu vikingwe. Hebu fikiria. Wakati huo reli haijafika hapa Nakuru. Halafu zikaanza kujitokeza hataza za zamani za viwiko na vishikio vya kusimamisha rola, moja baada ya nyingine, na michoro yake mizuri ya wino.

Sitadanganya, usiku ule nilikasirika. Nilihisi kama wazungu wa enzi za farasi wameniibia. Hasira zilipopoa nikaanza kuisoma ile michoro kama fundi, na ikanifunza mambo mawili. Kwanza, vishikio vingi nilivyoviona vilihitaji mtu avute au asukume kwa mkono, yaani uwe na akili timamu na mkono huru wakati ule ule unaopiga mayowe. Pili, hataza ya zamani iliyokwisha muda ni mali ya kila mtu. Hataza hudumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, basi. Baada ya hapo yeyote anaweza kuitengeneza. Ile ndoano yangu ya mwisho, inayoachia bila kukwama hata ikijaa matope ya napia, nimeichora kwa kuangalia meno ya mashine moja ya kale. Hilo halina dhambi. Ila usije ukadai ni lako.

Kwa hiyo nikajua siwezi kudai kwamba nimebuni usalama wa chafkata. Nilichoweza kudai ni ule mpangilio: chuma cha mapajani, kinachoendeshwa na mwili wenyewe unaovutwa, kinachofanya kazi mbili kwa mpigo mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho natamani kila fundi akielewe. Hataza hailindi mashine yako. Inalinda sentensi zinazoitwa madai, zile zinazokaa mwishoni mwa maelezo. Michoro na maelezo husaidia kuyafasiri, lakini mbele ya wanaoamua ugomvi, swali huwa moja: je, alichotengeneza huyu jamaa kinaingia ndani ya maneno ya dai?

Mtu wa kwanza niliyemlipa aniandikie alinirudishia dai lenye urefu wa nusu ukurasa. Lilisema "spring ya chuma yenye koili, iliyofungwa kwa bolti mbili upande wa kushoto wa sanduku la rola." Nikalisoma nikiwa karakana, nikaitazama mashine, nikajiuliza: mimi mwenyewe ningetaka kumwibia mwenye dai hili, ningefanya nini? Ningehamisha spring upande wa kulia. Nimemaliza. Au ningetumia jiwe la uzito badala ya spring. Hakuna hata neno moja la uongo katika dai lile, ila lilikuwa limenilinda dhidi ya mtu asiyekuwepo, yaani yule atakayenakili hadi bolti.

Nilikumbuka habari za Trevor Baylis, yule Mwingereza wa redio ya kuzungusha kwa mkono. Aliibuni mwaka 1991 baada ya kutazama kipindi cha runinga kuhusu UKIMWI Afrika, akitaka habari zifike vijijini kusiko na umeme wala hela za betri. Redio zilitengenezwa Afrika Kusini na kusambaa sana. Ubunifu wake ulikuwa kwenye spring: unaizungusha, inafunguka polepole, inaendesha jenereta. Baadaye muundo ukabadilishwa, ile nguvu ya mkono ikawa inachaji betri badala ya kukaza spring, na mzee akajikuta hana tena udhibiti wa redio iliyompa jina. Aliendelea kulalamika hadharani kwamba wabunifu wanaachwa wazi, hadi alipofariki mwaka 2018. Mtu mwenye akili ile, mwenye mawakili wa London! Sasa wewe na mimi wa Shabab.

Nilienda kwa wakala mwingine wa kuandika hataza, safari hii nikiwa na orodha ya njia zote ambazo mimi ningetumia kujinakili. Spring, jiwe la uzito, mpira wa tairi. Ndoano, pini, meno. Chuma cha mapajani, waya, hata ubao. Akacheka, akasema ni wateja wachache wanaokuja na orodha ya wezi. Dai jipya lilikuwa fupi sana kuliko lile la kwanza, likisema kiungo cha kusukumwa na mwili, kitu chochote cha kunyanyua rola, na njia ya kukata mzunguko, vikifanya kazi pamoja. Chini yake yakafuata madai madogo yanayotaja spring, yanayotaja ndoano, na kadhalika, ili lile kubwa likianguka madogo yabaki yamesimama. Kwa kazi hiyo nililipa pesa ya mtamba niliyekuwa nimemfuga kwa ajili ya karo. Mke wangu hakufurahia, na alikuwa na haki. Ada za ofisi ya serikali yenyewe, ile Taasisi ya Mali ya Viwanda Kenya iliyoko South C, Nairobi, hazitishi kwa Mkenya. Gharama iko kwa anayeandika. Unaruhusiwa kujiandikia mwenyewe. Ukiwa mzuri wa maneno, jaribu, kisha ulipe mtaalamu asome na kurekebisha madai tu. Ni nafuu mno kuliko kumwachia yote.

Kuhusu usiri: nilipeleka ombi kwanza, ndipo nikapandisha mashine kwenye maonyesho ya kilimo hapa Nakuru. Sheria yetu ya mali ya viwanda ya mwaka 2001 ina huruma, inakupa miezi 12 baada ya kuonyesha kitu chako kabla upya wake haujahesabika kuwa umekufa. Lakini nchi nyingi hazina huruma hiyo, Ulaya hasa, na pia anayewahisha ombi ndiye anayehesabiwa kama wawili wamebuni kitu kile kile kila mmoja kivyake. Video moja ya TikTok inatosha kukuharibia. Wafugaji wangu wa majaribio niliwaomba waweke turubai mashine isipotumika, na kila mmoja alitia sahihi karatasi fupi ya Kiswahili kwamba anajaribu na hatatoa siri. Mmoja aliona kama namtukana. "Kijana wangu, mimi nimekujua tangu ukivaa kaptura, leo unanitilisha sahihi?" Nikamwambia mzee, sahihi hii si kwa sababu yako, ni kwa sababu ya atakayeniuliza kesho. Akatia.

Kisha kuna suala la wenzio wa karakana. Kijana niliyekuwa naye ndiye aliyechomelea mashine ya kwanza, na habari za hataza zilipoenea akaanza kuambiwa na watu kwamba jina lake limeachwa. Kisheria mbunifu ni aliyetoa wazo la kiufundi, si aliyelichomelea kwa maelekezo. Lakini sheria haikai nawe karakana saa nne za asubuhi. Nilimkalisha chini, nikamwonyesha daftari langu la michoro yenye tarehe, na tukakubaliana kwa maandishi kiasi atakachopata kwa kila mashine atakayounganisha. Yeye ndiye aliyenipa wazo la kuweka pini ya kurudisha chuma mahali pake kwa mguu. Wazo hilo lilikuwa lake, nikamtaja kama mbunifu mwenza kwenye sehemu hiyo. Wengine wananiambia nimejipunja. Mimi naona ningejipunja zaidi kumficha, maana jina la mbunifu likipingwa cheti kizima kinaingia matatani. Na kama umeajiriwa, soma mkataba wako kwanza: ulichobuni ukitekeleza kazi ya mwajiri, kwa kawaida ni chake, hata kama ulikiwaza ukioga.

Barua ya mkaguzi wa ile taasisi, anayepima ombi, ilipokuja iliniuma. Upya aliukubali. Alichokataa ni hatua ya ubunifu: alisema fundi mwenye ujuzi wa kawaida, akiwekewa mezani hataza mbili za zamani alizozitaja, angeweza kuziunganisha akafika nilipofika. Niliisoma mara nyingi nikitafuta ubaya wa mtu. Hakukuwa na ubaya. Tulijibu, tukaeleza kwamba katika zile mbili hakuna iliyotegemea mwili wa mtu, akajibu kwa heshima kwamba bado hajashawishika.

Hapo wengi huacha, na faili hufa. Usiache kabla hujauliza kuhusu cheti cha modeli ya matumizi. Hiki ni mdogo wake hataza: hudumu miaka 10 na hakiongezwi, lakini hakidai hatua ya ubunifu, kinadai kitu kiwe kipya na kinachotumika viwandani au shambani. Sheria inaruhusu kuligeuza ombi la hataza kuwa la modeli ya matumizi kabla halijakubaliwa au kukataliwa. Tukaligeuza. Mafundi wengi wa jua kali tunaboresha vitu vilivyopo, hatubuni injini mpya, kwa hiyo naamini wengi wetu tungeanzia huko moja kwa moja. Miaka 10 ya kifaa cha shambani inatosha. Baada ya hapo utakuwa umeshatengeneza kingine, au umeshazeeka.

Nje ya nchi sikwenda. Cheti cha Kenya kinaishia mipakani, Malaba na Namanga. Kuna njia ya kuombea nchi kadhaa za Afrika kwa pamoja kupitia ARIPO, shirika lenye makao Harare, na Uganda na Tanzania zimo. Una miezi 12 tangu ombi la kwanza kufanya hivyo ukihesabiwa tarehe ile ile. Nilipiga hesabu ya dola nikaona chafkata ngapi nitauza Mbale ndipo zirudi. Nikaacha, kwa macho wazi. Mganda akitengeneza yangu na kuiuza kwao, sina neno. Akiivusha kuja kuiuza Bungoma, hapo nina neno, kwa sababu haki yangu inahusu pia kuingiza nchini.

Jambo moja la haraka: ombi likishatangazwa, barua pepe za ajabu huanza. Nyaraka zenye nembo zinazofanana na za serikali, zikidai ulipe dola kadhaa uingizwe kwenye "rejista ya kimataifa." WIPO wenyewe huonya kuhusu ankara za namna hiyo. Ada unayodaiwa kwa kweli inatoka kwa ofisi uliyopeleka ombi au kwa wakala wako. Nyingine futa.

Nina kifaa cha pili, kibano cha kushikia kisu cha chafkata wakati wa kunoa ili pembe isibadilike. Hicho sikukiombea chochote. Kinatengenezwa kwa nusu saa, kinaeleweka kwa kutazamwa, na faida yake iko kwenye kuwahi sokoni na bei ya chini. Nilikiuza hadi Kibuye, Kisumu, na kwa sasa kila mchomeleaji ana chake. Hata sina kinyongo. Kilinilipa kabla hakijanakiliwa, na si kila wazo linastahili kupelekwa South C.

Chafkata ndiyo iliyonakiliwa kwa namna iliyoniuma. Mteja alinitumia picha kutoka upande wa Kisumu: chuma cha mapajani, rola ya kunyanyuka, ila badala ya spring kuna jiwe la uzito limening'inizwa kwa mnyororo. Nilifurahi kidogo, naungama, kwa sababu lilikuwa kwenye orodha yangu. Lingekuwa lile dai la kwanza, ningekunja mikono. Nilituma barua ya kistaarabu yenye nakala ya cheti na dai lenyewe limepigiwa mstari. Kuna baraza maalumu la kusikiliza migogoro hii, lakini liko Nairobi, na kila kikao ni nauli, wakili na siku ya kazi iliyopotea. Nikapiga simu kabla ya kumtafuta wakili. Jamaa alianza kwa ukali, "Ndugu, chuma ni chuma, nani amekupa chuma?" Tulipofika mwisho alikuwa akiniuliza kwa nini jiwe lake linabembea na kuigonga fremu. Nikamweleza.

Sasa anatengeneza kwa leseni. Mkataba tuliupeleka ukasajiliwe kwenye taasisi ile ile, maana leseni isiyosajiliwa ni maneno ya hotelini. Kwanza alitaka anilipe asilimia ya faida. Nilikataa: faida ya karakana hata mwenyewe haijui. Tulikubaliana kiasi maalumu kwa kila mashine, na namna ya kuhesabu ni vibati. Vibati vyenye namba navigonga mimi Shabab, ananunua kwangu kwa mafungu, na kila mashine inatoka na kimoja kimekazwa kwa riveti juu ya mdomo. Mfugaji akinipigia kwamba spring imelegea, swali langu la kwanza ni namba ya kibati. Kama hakuna, namwambia arudi kwa aliyemuuzia.